BINTI WA SULTANI ALIYEJIFUNZA KUANDIKA KWA SIRI

Siku moja tulikuwa katika darasa la kisomo huko Ruangwa. Ilikuwa saa kumi jioni, na kinamama wengi walikuwa wametoka kuokota korosho. Tulikuwa tunafanya zoezi la kuandika barua. Mama mmoja wa makamo akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwalimu, mimi kusoma nimeshajua. Karatasi ya ghalani naisoma. Dawa ya mtoto naisoma. Inatosha. Sasa kuandika, nimwandikie nani? Mwanangu yuko Dar es Salaam, namsikia kwenye simu."

Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa la kweli na jibu la haraka hatukuwa nalo. Tukamwambia, "Mama, tupe muda. Tutakujibu gazetini."

Jibu lenyewe ni habari ya mwanamke mmoja wa Unguja. Yeye alifundishwa kusoma, lakini kuandika alikatazwa. Akajifundisha mwenyewe kwa siri. Alipata mengi kwa sababu ya kuandika kwake, na mengine yalikuwa mabaya. Hatutayaficha.

Mwanamke huyo aliitwa Salme binti Said. Watu wa Unguja humwita Bibi Salme.

KUISHI KWA MFALME

Kwanza tueleze kidogo. Katika nchi zenye wafalme, nyumba ya mfalme haikuwa nyumba tu. Ilikuwa kama mji. Humo waliishi ndugu, wake, watoto, wazee wa baraza, walinzi, wapishi na watumwa. Huko Uingereza wanawake wa koo kubwa walikwenda kumtumikia malkia. Walimvalisha, walimfuata safarini, walimwandikia barua zake. Kazi hiyo ilikuwa heshima kubwa. Tena ilikuwa na hatari zake, kwa sababu aliye karibu na mfalme husikia siri. Na asikiaye siri huweza kuponzwa nayo.

Unguja nako kulikuwa na jumba la kifalme. Baba yake Salme alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja. Ndiye aliyehimiza kilimo cha karafuu. Jumba lake moja lilikuwa Mtoni, ufukweni, kaskazini ya mji wa Unguja. Magofu yake yangali yanaonekana. Humo ndimo Salme alimozaliwa tarehe 30 Agosti 1844.

Salme mwenyewe ameandika kwamba jumba la Mtoni lilikuwa na watu kama 1,000. Fikirini, watu wa kijiji kizima katika boma moja! Uani walitembea tausi, swala, mbuni na bata. Watoto walifundishwa kupanda farasi na punda. Mbele ya Seyyid Said ilikuwa lazima kusema Kiarabu. Lakini akigeuza mgongo tu, jumba zima lilijaa lugha: Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyinginezo. Maana watu wale walitoka pande nyingi za dunia, na wengi wao hawakuja kwa kupenda.

Aliyesimamia jumba lile alikuwa mke mkuu wa Seyyid Said, Bibi Azza binti Seif. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini kila mtu alimwogopa. Yeye hakuwa na mtoto. Watoto wote wa Seyyid Said walizaliwa na masuria. Alipokufa, watoto waliokuwa hai walikuwa 36.

Suria ni nani? Ni mwanamke mtumwa ambaye bwana wake amemweka kinyumba. Mtoto wa suria alihesabiwa mtoto wa baba yake sawasawa, na alirithi. Suria aliyezaa akawa huru bwana wake alipokufa. Basi mtoto wa mfalme anaweza kuwa mtoto wa mtumwa, kwa wakati mmoja. Salme alikuwa hivyo.

Mama yake aliitwa Jilfidan. Alitoka nchi ya mbali sana kaskazini, inayoitwa Cherkesi, karibu na Bahari Nyeusi. Baba yake huko alikuwa mkulima. Vita vilipokuja, wapanda farasi waliivamia nyumba yao, wakamwua baba na mama. Watoto walikuwa watatu. Kila mmoja alichukuliwa na mpanda farasi wake. Jilfidan aliletwa Unguja akiwa na miaka 7 au 8 hivi. Akalelewa pamoja na mabinti wa Seyyid Said, akajifunza kusoma pamoja nao. Ndugu zake hakuwaona tena.

Tunataka mlikumbuke jambo hili, tutalirudia mbele.

MFUPA WA NGAMIA

Watoto wa Mtoni walikuwa na chuo chao barazani. Walikaa mkekani. Mwalimu alikuwa mwanamke, tena mkali, mwenye fimbo. Walisoma Kurani kwa sauti, wote kwa pamoja. Ubao wa kuandikia ulikuwa mfupa mpana wa bega la ngamia, uliosafishwa ukawa mweupe. Kalamu ilikuwa ya utete. Wino ukishakauka, unafutwa, mfupa unatumika tena.

Lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Sababu gani? Sababu haikuwa kwamba msichana hana akili. Watu waliogopa kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua kwa mtu asiyestahili. Anayesoma hupokea maneno ya wengine. Anayeandika hutoa ya kwake, nayo yanavuka ukuta bila yeye kuonekana. Jambo hilo ndilo waliloliogopa.

(Tulipoeleza habari hii Nachingwea, mzee mmoja alisema, "Hofu hiyo hata huku ilikuwapo, mwalimu. Ndiyo maana dada zangu hawakupelekwa shule." Akanyamaza. Hakuna aliyemwuliza zaidi.)

Salme alipokuwa na miaka 7 hivi, yeye na mama yake walihamia mjini, katika nyumba ya kaka yake aitwaye Majid. Kaka huyu alimpenda sana. Alimfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha kwa bunduki. Ni katika siku zile za mjini Salme alipoanza kujifundisha kuandika. Hakuwa na mwalimu. Alichukua Kurani, akawa anatazama herufi moja moja na kuziiga juu ya mfupa wa ngamia. Alifanya hivyo kwa kujificha. Baadaye alipokwisha jua, habari ikafahamika. Wengine walimsema vibaya, lakini yeye hakujali.

Ninyi mliopita kwenye kisomo mnajua kazi ile. Mkono unauma, herufi inalala, inakwenda nje ya mstari. Sasa fikirini kuifanya peke yako bila mtu wa kukuambia umekosea wapi.

KARANI WA NJAMA

Seyyid Said alikufa baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi kutoka Omani. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake: shamba na fedha. Majid akawa Sultani wa Unguja. Ndugu mwingine, Thuwaini, akashika Omani.

Mwaka 1859 kipindupindu kiliingia Unguja. Mama yake Salme akafa. Salme akabaki na miaka 15, mwenye mali, asiye na baba wala mama. Alikaa na dada yake Khole, ambaye alimpenda kupita ndugu wote.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Kaka mwingine, Bargash, alikuwa anautaka usultani. Khole alikuwa upande wa Bargash. Salme alivutwa huku na huku. Majid alimlea, Khole alimpenda. Mwisho akamfuata Khole.

Njama haiendi bila barua. Lazima kuwaandikia wakubwa wa koo, kuagiza bunduki, kuagiza baruti, kupanga siku. Lakini barua hizo utampa nani aziandike? Karani wa nje atatoboa siri. Katika kundi lile la ndani, aliyejua kuandika vizuri alikuwa Salme. Basi msichana wa miaka 15 akawa karani wa uasi.

Yeye mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, aliandika kwamba jambo hili lilimtesa. Alijua kwamba risasi na baruti alizoagiza kwa kalamu yake zingewaua watu wasio na hatia. Lakini aliandika. Sisi hatumtetei. Mwenye kalamu anajua anachokiandika.

Majid akapata habari. Askari wakaizunguka nyumba ya Bargash, hapana kutoka wala kuingia. Sasa sikieni walivyofanya kina dada. Usiku mmoja Khole na Salme walitoka na kundi kubwa la wanawake, wote wamejifunika. Wakawafikia walinzi. Kwa desturi ya wakati ule binti wa Sultani hazungumzi na mwanamume mgeni njiani. Wao walizungumza, wakamtaka mkubwa wa askari awaruhusu kwenda kumwona ndugu yao. Yule askari alishangaa, akaona haya, akawaacha wapite. Ndani wakamvisha Bargash nguo za kike, wakamfunika mpaka yakabaki macho tu. Wakatoka naye katikati ya wanawake warefu, ili urefu wake usionekane. Walinzi wakawapisha kwa heshima!

Bargash akakimbilia shamba moja liitwalo Marseille, ambako watu wake na silaha walikuwa wanamngoja. Vita vikapigwa. Waingereza walimsaidia Majid kwa askari na mizinga. Bargash akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka 2. Watu wengi walikufa shambani kule.

Majid hakumfunga Salme. Lakini mjini watu walimkwepa. Akahamia mashambani, kwanza Kizimbani, halafu Bububu. Baadaye akapatana na Majid. Kupatana huko kukamkasirisha Khole na Bargash, wakamwona msaliti. Basi aliwakosa wa upande huu, alipowapata aliwakosa wa upande ule. Bargash aliporudi kutoka Bombay hakusahau. Tutaona.

MERI YA USIKU

Salme aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, aitwaye Heinrich Ruete. Nyumba zao zilikaribiana sana. Wakazoeana, wakapendana, Salme akapata mimba.

Hili lilikuwa jambo la kifo. Binti wa Sultani, Mwislamu, hana ndoa, na mwanamume si Mwislamu. Mwezi wa Agosti 1866 Salme alitoroka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza iliyoitwa Highflyer, ikampeleka Aden. Mke wa daktari Mwingereza aliyekuwa anakaimu ubalozi Unguja alimsaidia kutoroka. Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Ruete. Wakaondoka kwenda Ulaya. Yule mtoto akafa katika safari.

Hamburg ilikuwa baridi. Lugha haijui. Milango inafungwa, jua halionekani. Alijifunza Kijerumani, alijifunza kuendesha nyumba ya Kizungu. Akazaa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja. Mwezi Agosti 1870 mume wake alianguka akakanyagwa na gari la reli lililovutwa na farasi. Akafa. Mtoto mdogo alikuwa na miezi mitatu na nusu tu.

Sasa aliyekuwa binti wa Sultani akawa mjane katika nchi ya ugeni. Fedha zikapungua. Akahama kutoka mji mmoja mpaka mwingine, akatafuta nyumba za bei nafuu. Alifundisha lugha ya Kiarabu ili apate chakula cha watoto. Majid alikwisha kufa mwaka 1870, na Sultani wa Unguja sasa alikuwa nani? Alikuwa Bargash! Yule yule aliyevishwa nguo za kike akatoroka. Salme akamtumainia: labda atakumbuka usiku ule, labda atanipa urithi wangu.

SAFARI YA LONDON

Mwaka 1875 Bargash alikwenda Uingereza. Alipokewa kwa heshima na Malkia Victoria. Salme akaacha watoto Ujerumani, akavuka kwenda London ili akutane na kaka yake. Hapo ndipo alipoonja mambo ya majumba ya kifalme ya Kizungu.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alijiwa na bwana mmoja mkubwa, Sir Bartle Frere. Huyu ndiye aliyekuwa ametumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Bargash aache biashara ya watumwa. Alimwambia Salme achague: ama akutane na kaka yake, ama serikali ya Uingereza iwasaidie watoto wake kwa masomo. Waingereza hawakutaka mgeni wao audhiwe. Salme alikuwa mama wa watoto watatu wasio na baba. Alichagua watoto. Hakumwona Bargash. Na ile ahadi ya msaada, anasema, haikutimizwa.

Tunasimama kidogo hapa. Ndugu wasomaji, mtu aliyezaliwa katika jumba la watu 1,000, aliyejua tangu utoto jinsi wakubwa wanavyoahidi na kusahau, alidanganyika vile vile. Sisi tunadhani hakuwa mjinga. Alikuwa na haja tu, na mwenye haja hukubali maneno ambayo angeyakataa siku nyingine.

Miaka 10 ikapita. Mwaka 1885 Wajerumani walitaka nchi yetu ya bara. Karl Peters alikuwa amezunguka akiwatia machifu sahihi katika mikataba ambayo wao hawakuweza kuisoma. Bargash alikataa mikataba hiyo. Basi mwezi Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikaja Unguja kumtisha. Na pamoja nazo, katika meli iliyoitwa Adler, alikuwamo Salme na watoto wake. Wajerumani walikuwa na hesabu yao: mwanawe ni raia wa Ujerumani, na yeye anadai urithi. Akiguswa au akikataliwa, wana kisingizio.

Salme alifurahi kuiona Unguja baada ya miaka 19. Anasimulia kwamba watu walimfuata njiani na kumsalimu. Bargash alikataa kumwona. Mbele ya mizinga Bargash aliyakubali madai ya Wajerumani. Walipokwisha kupata walichotaka, habari ya urithi wa Salme waliiacha. Akarudi Ulaya mikono mitupu. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Bargash kufa. Sultani mpya, Khalifa, ambaye pia alikuwa ndugu yake, hakumpa kitu.

Wasomaji wa huku kusini watauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka ule ule wa 1888 Wajerumani walichukua usimamizi wa pwani yote, pamoja na Kilwa, Lindi na Mikindani. Watu wa pwani wakapigana nao. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Liwale, Nyangao na nchi ya Wamwera. Waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata ni babu na bibi zetu. Hatusemi Salme ndiye aliyeleta hayo. Wangekuja bila yeye. Lakini meli iliyomrudisha kwao ilikuwa katika kundi la meli hizo.

KITABU CHAKE, NA WASIOMO KITABUNI

Mwaka 1886 kitabu chake kilitoka Berlin, kwa Kijerumani. Ndani yake alieleza maisha yake tangu Mtoni: jinsi walivyoamka, walivyosali, walivyokula, walivyovaa, walivyogombana. Alisema kwanza alikiandika kwa ajili ya watoto wake, wajue mama yao alitoka wapi. Mwaka 1888 kilitoka kwa Kiingereza. Ni katika vitabu vya kwanza kabisa ambavyo mwanamke Mwarabu ameeleza maisha yake mwenyewe na vikapigwa chapa. Leo anayetaka kujua mambo ya ndani ya jumba la Seyyid Said hana budi kumsoma yeye. Wanaume waliokwenda Unguja walieleza bandari, bei ya pembe na baraza la Sultani. Ndani hawakuingia. Yeye alikuwa wa ndani.

Kazi ile ilianza kwenye mfupa wa ngamia.

Lakini kuna jambo katika kitabu hicho ambalo sisi hatukubaliani nalo. Salme aliutetea utumwa. Alisema watumwa wa Waarabu hawakuteswa kama Wazungu walivyodai, na kwamba kuwaacha huru ghafla kungeleta hasara. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa katika mashamba yake.

Tulipolifikia jambo hili darasani, kulizuka mabishano makubwa. Kwa maana watumwa wale walitoka wapi? Misafara ilipita katika nchi hii ya kusini. Ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikashuka mpaka Kilwa Kivinje, na mingine Lindi na Mikindani. Toka Kilwa watu walipakiwa majahazini kwenda Unguja kuchuma karafuu. Biashara ile ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kabla ya hapo wanawake wa Kiyao, wa Kinyasa na wa makabila mengine ya kusini walipita huku wamefungwa shingo. Wengine walifika katika nyumba kama ile ya Mtoni. Walichota maji, walipika, walilea watoto wa watu.

Sasa turudi kwa Jilfidan, mama yake Salme. Naye alitekwa. Naye wazazi wake waliuawa, akapakiwa melini. Tunajua jina lake, tunajua nchi yake, tunajua hata wapanda farasi walikuwa watatu. Kwa nini tunajua? Kwa sababu alimsimulia binti yake, na binti yake aliandika. Mwanamke wa kusini aliyechota maji ya kuoga ya Jilfidan, naye alikuwa na baba na mama na nyumba iliyovamiwa. Naye pengine alimsimulia mwanawe usiku. Lakini mwanawe hakuwa na kalamu. Basi jina lake hatulijui, wala kijiji chake.

Mwanakisomo mmoja wa kiume alisema Salme alipaswa kuona ufanano huo, maana mama yake alikuwa mtumwa pia. Tunakubaliana naye. Salme alikuwa na akili ya kuliona jambo hilo. Pengine mtu huona shida kuitazama nyumba aliyolelewa kwa macho ya aliyefagia.

MCHANGA WA UFUKWENI

Baada ya mwaka 1888 Salme hakurudi Unguja tena. Aliishi miaka mingi Beirut, mahali ambapo alisikia tena Kiarabu barabarani na adhana alfajiri. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alirudi Ujerumani kwa watoto wake. Karibu na mwisho wa maisha yake, Sultani Khalifa bin Harub alimpangia malipo kidogo ya kila mwaka. Yalimfika akiwa bibi kizee.

Alikufa katika mji wa Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg pamoja na mume wake. Katika vitu vyake walikuta kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja. Alikuwa amekitunza miaka yote. Wakakizika pamoja naye. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, naye alishika kalamu. Mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake Seyyid Said.

Yeye aliacha pia barua nyingi alizoandika kama anamweleza rafiki wa kwao jinsi Ulaya ilivyomwelemea. Hakuzitoa wakati wa uhai wake. Zilipigwa chapa miaka mingi baada ya kufa.

Mwezi uliopita tulirudi Ruangwa. Tulisoma habari hii kwa sauti, kwa zamu, kila mtu aya moja. Yule mama wa makamo alisikiliza mpaka mwisho. Hakutuambia kama tumemjibu au hatukumjibu. Alitaka daftari. Akaandika jina lake. Chini yake akaandika jina la mama yake. Chini yake jina la bibi mzaa mama, na pembeni kijiji alichozaliwa. Halafu la mama wa bibi. Hilo hakulijua. Akatuuliza kama aache mstari ule wazi, kwa sababu yuko shangazi mmoja Nachingwea, upande wa Naipanga, ambaye huenda analikumbuka.

Tukamwambia auache wazi. Akasema atakwenda Jumamosi, korosho zikishapimwa.